Somo la Vikundi: Kuweka Lengo la Kupunguza Uzito



Katika mikutano ya matawi yetu ya Malaba, Busia na Kampala, swali moja limeletwa mbele yetu mara nyingi kuliko tulivyotazamia. Dereva anasema: "Daktari ameniambia nipunguze uzito. Sasa nifanye nini?" Daktari alisema neno hilo moja, punguza, kisha akamwita mgonjwa wa pili. Dereva akatoka na karatasi yake mkononi, akapanda gari, akaenda zake Mombasa. Mwezi uliofuata kilo zilikuwa zile zile, au zimezidi.

Sisi hatukusoma udaktari. Lakini kazi yetu ni kupanga mambo na watu, na tumeona kwamba wengi hawashindwi kwa uvivu. Wanashindwa kwa sababu lengo lao halikuwekwa vizuri tangu mwanzo. Somo hili basi linahusu lengo: liweje, lipimweje, na lilindweje. Visomeni katika vikundi vipande hivi kimoja kimoja, msivimeze vyote siku moja.

Kwa nini jambo la kitambi liwe la chama

Wapo ndugu watakaosema tumbo la mtu ni shauri lake. Tunawajibu kwa habari ya mabasi ya London. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walitoa uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa katika mji huo. Dereva alikaa kitini siku nzima. Kondakta alipanda na kushuka ngazi akikata tikiti, mamia ya vidato kila siku. Watu hao walifanya kazi katika basi moja, chini ya mwajiri mmoja, lakini madereva walipatwa na ugonjwa wa moyo zaidi kuliko makondakta. Mwaka 1956 wakatazama sare zao, wakakuta suruali za madereva zina viuno vipana kuliko za makondakta. Hatusemi kiti ndicho sababu pekee. Tunasema kwamba kazi inaacha alama yake mwilini, na kazi ni jambo la chama.

Dereva wetu hana hata kondakta wa kulinganishwa naye. Kutoka Mombasa hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 1,100, na wengine wanaendelea mpaka Katuna, Kigali, Bujumbura au Goma. Mguu wake unafanya kazi ya kukanyaga tu. Anakula chakula kinachopatikana saa kinapopatikana, aghalabu usiku, kisha analala palepale nyuma ya usukani. Kisukari, presha na kiharusi vinamkuta mtu wa namna hii bila kubisha hodi, na dereva aliyepata kiharusi hana gari tena, awe na miaka 40 au 60. Familia yake inarudi kijijini. Tumewazika wenzetu wa namna hiyo na tumewachangia wengine ambao bado wamo vitandani.

Pima kwanza

Kila dereva wa njia hii anaijua mizani ya Mariakani, ya Athi River, ya Gilgil, ya Webuye, na akivuka mpaka, ya Busitema. Anajua kwamba gari la ekseli saba halitakiwi kuzidi tani 56. Ukimwuliza ekseli ya nyuma imebeba kiasi gani atakujibu papo hapo. Mwulize yeye mwenyewe ana kilo ngapi, atacheka.

Basi hatua ya kwanza ni kupima vitu vinne na kuviandika katika daftari pamoja na tarehe: uzito, kiuno, presha, na sukari ya damu. Viwili vya kwanza mnaweza kuvipima wenyewe tawini. Mizani ya watu iwekwe juu ya sakafu ngumu iliyo sawa, si juu ya zulia wala kwenye mchanga. Mtu apande bila viatu, asubuhi, ameshakwenda msalani na hajala. Kila mara atumie mizani ile ile. Uzito wa mwili hupanda na kushuka kilo moja au mbili kwa ajili ya maji na chakula tu, kwa hiyo anayejipima jioni ya Jumatatu na asubuhi ya Alhamisi anajidanganya bila kujua. Mara moja kwa wiki inatosha.

Kiuno hupimwa kwa utepe wa fundi cherehani, juu kidogo ya mfupa wa nyonga, huku umetoa pumzi. Usivute tumbo ndani. Hapa hakuna mchumba wa kumpendeza. Kwa mwanamume, zaidi ya sentimita 94 hatari imeanza kupanda, na zaidi ya 102 ni hatari kubwa. Kwa mwanamke ni 80 na 88.

Presha na sukari mpimwe na mhudumu wa afya. Karibu na vituo vingi ambapo malori yanalala kuna kliniki, na kipimo chenyewe hakichukui hata nusu saa.

Ipo pia hesabu ya kulinganisha uzito na urefu. Chukua kilo zako, ugawe kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Tuseme mwenzetu ana kilo 98 na urefu wa mita 1.70. Mara 1.70 kwa 1.70 ni 2.89. Gawa 98 kwa 2.89, unapata karibu 34. Kuanzia 18.5 hadi chini ya 25 ni uzito wa kufaa, kuanzia 25 mtu amezidi, na kuanzia 30 huitwa unene wa kupindukia.

Lengo liwe na namba na siku

"Nataka kupungua" si lengo, ni tamaa. Ni sawa na chama kwenda kwa mwajiri na kusema "tunataka maisha mazuri" bila kutaja shilingi ngapi na kuanzia mwezi gani. Mwajiri atakubali kwa furaha, na hakuna kitakachobadilika.

Kosa la pili ni kinyume chake. Yule ndugu wa kilo 98 anakumbuka kwamba alipooa alikuwa na kilo 70, basi anasema atazirudia kabla ya Krismasi. Anafunga kula siku nne, ya tano anaanguka kwenye nyama choma na bia, ya sita anasema mwili wake umeumbwa hivyo.

Ipo kazi kubwa iliyofanywa Marekani ambayo inatusaidia hapa. Watu 3,234 waliokuwa karibu kupata kisukari waligawanywa katika makundi, na matokeo yakatolewa mwaka 2002. Kundi moja lilipewa malengo mawili tu: kupunguza sehemu 7 katika kila 100 za uzito wao, na kutembea au kufanya mazoezi ya namna hiyo dakika 150 kwa wiki. Katika muda wa karibu miaka mitatu, waliopata kisukari katika kundi hilo walikuwa pungufu kwa asilimia 58 kuliko wale waliopewa vidonge visivyo na dawa. Hata kundi lililomeza dawa ya kisukari iitwayo metformin halikufikia hapo. Lao lilikuwa asilimia 31.

Angalieni jambo moja ambalo watu hulipita. Ni nusu tu ya kundi lile waliofikia lengo la asilimia 7 mwishoni mwa miezi sita ya kwanza. Kwa wastani walipungua kilo 5 na nusu hivi. Bado faida ilikuwa kubwa kiasi hicho. Maana yake ni kwamba kilo chache zinafanya kazi, na aliyepunguza nne badala ya saba asijihesabu ameshindwa.

Kwa ndugu wa kilo 98, asilimia 7 ni karibu kilo 7. Lengo lake basi liandikwe hivi: "Kilo 91 ifikapo mwisho wa mwezi wa sita kuanzia leo." Ni chini ya gramu 300 kwa wiki. Inaonekana ndogo mno, tunajua. Hata akifika 91 ile hesabu yetu itampa zaidi ya 31, yaani bado ni mnene. Lakini moyo wake, presha yake na sukari yake vitakuwa vimeshapata nafuu, na atakuwa na nguvu ya kuweka lengo la pili. Mtu asipange kupungua zaidi ya nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki bila kuwa chini ya uangalizi wa daktari.

Lengo la mizani na lengo la mkono

Hapa ndipo penye kiini cha somo, nasi tunaomba kikundi kitumie kikao kizima.

Kilo 91 ni lengo la mizani, na mizani huiamuru. Huwezi kuiambia mizani leo ishuke. Unachoweza kuamuru ni mkono wako: unanunua nini, unaagiza sahani ya namna gani, unafungua mlango wa gari ushuke au unabaki umekaa. Kwa hiyo kila lengo la mizani lazima liwe na malengo mawili au matatu ya mkono chini yake, na haya ndiyo ya kuhesabiwa kila siku. Si zaidi ya matatu. Tumeona watu wakiandika kumi kwa hamasa ya siku ya kwanza, na baada ya wiki daftari lenyewe halionekani.

Tuanze na soda kwa sababu ndiyo rahisi kuliko yote. Chupa ya nusu lita ina zaidi ya gramu 50 za sukari, yaani vijiko vya chai kama 13. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi karibu gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku nzima, na ikiwezekana 25. Dereva anayekunywa soda mbili njiani, pamoja na chai yenye vijiko vinne, ameshapita mara mbili kabla hajala chochote. Lengo zuri la mkono: "Soda moja tu kwa wiki, siku ya Jumapili. Siku nyingine maji." Linahesabika, linajulikana limetimizwa au halikutimizwa, na linabakiza fedha katika mileji yako. Bia nayo haiko mbali na soda, chupa kwa chupa.

Juu ya chakula hatutaki kuwadanganya wenzetu kwamba watapika mboga katika kabini. Watakula pale Naluwerere au Lyantonde kama kawaida. Lakini hata pale upo uchaguzi. Roleksi ya chapati mbili inaweza kuwa ya chapati moja, na mayai na kabichi na nyanya zikabaki vile vile. Kikomando kinaweza kuwa na maharage mengi na chapati chache. Mayai ya kuchemsha yanashibisha bila mafuta. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina nguvu karibu nusu ya soda ile. Matoke yaliyopikwa kwa mvuke ndani ya majani hayana ubaya wenyewe. Ubaya unaanza sahani inapoongezwa posho, wali na viazi juu ya matoke, kisha kipande cha nyama juu ya mlima huo. Mwambie mama wa hoteli mapema: "Mama, nipe aina moja ya chakula, mboga uongeze." Ukimwambia baada ya sahani kujaa, utaila.

Kutembea je? Tuseme kweli. Mtu wa kilo 90 akitembea nusu saa hachomi hata soda moja ya nusu lita. Kwa hiyo anayetegemea miguu peke yake huku anakula vile vile atavunjika moyo. Uzito hushuka zaidi kwa upande wa sahani. Lakini kutembea kunalinda moyo, kunasaidia sukari, na kunazuia kilo zilizoondoka zisirudi. Dakika 150 kwa wiki ni nusu saa kwa siku tano. Nafasi ipo, tena tunapewa na foleni. Trela ni karibu mita 17. Ukilizunguka mara 25 umemaliza karibu kilomita moja, na macho yako hayajaachana na mzigo. Utingo hawezi kukucheka, maana naye anakuja nyuma yako kukagua matairi.

Mwisho wa kipande hiki: lengo la mkono lifungwe kwenye mahali au saa. Usiandike "nitatembea zaidi." Andika: "Nikifika Malaba nikakuta foleni, nitazunguka gari mara 25 kabla ya kukaa." Andika: "Mwenye hoteli akiniuliza soda gani, nitasema maji." Mtu akishaamua jibu kabla swali halijaja, hahitaji kubishana na njaa yake saa nne za usiku.

Siku ikiharibika

Itaharibika. Kutakuwa na harusi, msiba, gari kuharibika porini na kulala njaa kisha kula kupita kiasi. Mwenye lengo hasemi "wiki imekwisha, nitaanza Jumatatu." Anarudi kwenye chakula kinachofuata. Katika daftari anaandika alama ya hapana kwa siku hiyo, basi. Baada ya kila wiki nne tazameni daftari pamoja: kama malengo ya mkono yametimizwa siku nyingi na mizani haikusogea, lengo la mkono ni dogo mno, ongezeni. Kama hayakutimizwa, lilikuwa gumu mno kwa njia ile. Punguzeni, lakini msiache.

Usingizi nao uingizwe katika hesabu hii. Mtu aliyelala saa nne ana njaa kuliko aliyelala saa saba, na hasa anatamani vitu vitamu. Tena mnene anayekoroma kwa nguvu, akanyamaza kama aliyekata pumzi, kisha akashtuka, anaweza kuwa na ugonjwa wa kukosa pumzi usingizini. Huyo husinzia mchana kwenye usukani. Yeye hajisikii, utingo ndiye shahidi. Utingo aseme, na dereva aende hospitali.

Maneno ya watu

Hili haliandikwi katika vitabu vya afya, lakini katika nchi yetu ndilo linalowarudisha wengi nyuma. Mwaka 1985 madaktari waliandika juu ya ugonjwa mpya uliokuwa unawakondesha watu wa Rakai na Masaka. Watu waliuita silimu, na madereva wa njia hii ndio waliotajwa vibaya kuliko wote. Wengi wetu tulikuwa watoto, lakini tulisikia. Mpaka leo dereva akipungua kilo tano, watu wanaangaliana. Mwenzetu mmoja wa njia ya Katuna alipungua vizuri kwa miezi mitatu, kisha mama yake akalia, na duka analokopa likamnyima mkopo. Akarudi kula ili anenepe, apate amani.

Jibu letu ni mambo mawili. Kwanza, lengo lisiwe siri. Mwambie mkeo, mwambie mama, waambie wenzako wa kikundi, na onyesha daftari lenye tarehe. Waliokuona unaanza hawatashangaa unapofika. Pili, kukonda peke yake hakumtambulishi mgonjwa wala unene haumthibitishi mzima. Leo wapo wengi wanaoishi na virusi, wanameza dawa zao, na wamenawiri. Ajuaye ni aliyepimwa.

Lakini kwa upande mwingine: mtu anayepungua bila kukusudia, hajabadilisha chakula wala miguu, asishangilie. Inaweza kuwa kisukari, kifua kikuu, au jambo jingine. Huyo aende kupimwa wiki hiyo hiyo.

Tahadhari

Anayetumia sindano ya insulini au vidonge vya kushusha sukari asipunguze chakula kabla ya kuzungumza na daktari wake, maana sukari inaweza kushuka ghafla akiwa barabarani na tani 50 nyuma yake. Mama mjamzito asiingie katika mpango huu. Chai na unga wa kupunguza tumbo unaouzwa stendi mara nyingi ni dawa ya kuharisha au ya kukojoza. Unaondoa maji, mafuta yanabaki. Mairungi yanazuia njaa, ni kweli, na yanazuia usingizi pia, mpaka unapokuja wenyewe kwa nguvu.

Upande wa mwajiri

Lengo ni la mtu, lakini barabara si yake. Dereva anayelazimishwa kufika Kampala kwa saa ambazo haziruhusu kusimama hawezi kutembea nusu saa. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi pumziko la saa 24 mfululizo baada ya siku sita za kazi. Matawi yahakikishe linatolewa kweli na si katika karatasi. Katika majadiliano yajayo tunataka yaingizwe pia kipimo cha afya cha kila mwaka kwa gharama ya mwajiri, na maji ya kunywa katika yadi. Na tunataka iandikwe wazi kwamba kilo za mtu zisitumike kumfukuza. Tumeshasikia meneja mmoja akitania kwamba atawapima madereva kama anavyopima mzigo. Utani wa namna hiyo huwa na mwendelezo, kwa hiyo matokeo ya vipimo yabaki kati ya dereva na daktari, na daftari la kikundi lisitoke nje ya kikundi.

Maswali ya kikundi

Katika njia yako ya kawaida, ni mahali gani matatu unapokula, na kila mahali unaweza kubadilisha kitu gani kimoja? Ni nani nyumbani atakayeambiwa juu ya lengo lako, na utamwambia kwa maneno gani? Ndugu anasema, "Lengo langu ni kula kidogo na kupungua haraka." Liandikeni upya kwa namba, kwa siku, na kwa malengo mawili ya mkono. Je, katika yadi yenu pana maji safi ya kunywa, na kama hapana, nani atapeleka jambo hilo kwa mwajiri kabla ya mwisho wa mwezi?

Kwa kikao cha kwanza kila mmoja aje na daftari. Katibu wa tawi alete mizani na utepe, na kikao kiwe asubuhi kabla ya chai.